Kreatinini Mia Moja ya Nani?

*Bingwa wa magonjwa ya figo anajibu maswali ya madaktari tarajali walio kwenye vituo vya afya.*

Dokta, mgonjwa wangu wa presha hajavimba na anakojoa vizuri. Kuna haja gani ya kumpima figo?

Akishavimba umechelewa. Mtu hupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake huku akienda shambani kama kawaida. Mkojo mwingi nao usikutulize, maji yanaweza kutoka na taka zikabaki. Mwenye presha au kisukari apimwe damu na mkojo walau mara moja kwa mwaka.

Nimepima, kreatinini ni 100 na maabara haikuweka alama yoyote. Si ni salama?

Mia moja ya nani? Hapa ndipo wengi wenu mnapoteleza. Kreatinini hutokana na misuli, hivyo namba peke yake haisemi kitu. Kwa kanuni ya CKD-EPI ya mwaka 2021, kijana wa kiume wa miaka 25 mwenye mikromoli 100 kwa lita anachuja takriban mililita 92 kwa dakika. Mama wa miaka 60 mwenye namba hiyohiyo anachuja kama 56, na chini ya 60 si pa kupuuza. Vikokotoo vya bure vimejaa kwenye simu, ila angalia kama ni vya kanuni mpya: ile ya 2009 iliwaongezea watu weusi karibu asilimia 16, nyongeza iliyoweza kuficha ugonjwa.

Basi niandike ana ugonjwa sugu wa figo?

Bado. Sugu ni zaidi ya miezi mitatu. Kuhara au malaria kali hupandisha kreatinini ghafla, na hapo unarudia kipimo ndani ya siku chache. Pima pia albumini kwenye mkojo: ikidumu miligramu 30 au zaidi kwa kila gramu ya kreatinini, ni ugonjwa hata kama uchujaji ni mzuri. Kijiti cha mkojo ni bora kuliko kukaa bure, ingawa uvujaji mdogo hukipita.

Nianze na dawa gani?

Anza kwa kuondoa. Muulize kuhusu diklofenaki ya goti anayojinunulia duka la dawa, na mitishamba, bila kumkaripia, maana ukimkaripia atakuficha. Mwenye presha na albumini kwenye mkojo anafaa losartani au enalaprili, asipokuwa mjamzito. Rudia kreatinini na potasiamu baada ya wiki mbili hadi nne. Kreatinini ikipanda bila kuvuka asilimia 30, usikimbilie kuiacha dawa. Dapagliflozini nayo, kwa utafiti wa DAPA-CKD wa mwaka 2020, iliwalinda hata wasio na kisukari.

Rufaa lini?

Uchujaji ukishuka chini ya 30, protini ikiwa nyingi, au namba zikiporomoka haraka. Ambatanisha majibu yote na tarehe zake. Barua iliyoandikwa "figo mbovu" tu hunilazimu kusubiri miezi mingine mitatu nijue kama ni sugu.