Mob Psycho 100: Vidokezo vya Kumfuata Kijana Asiyetaka Ushujaa

Waliokulia kwenye Dragon Ball na Naruto wanaujua utaratibu: mhusika anapigwa, anapotea kwenda kufanya mazoezi, anarudi na nguvu mpya kumkomesha aliyempiga. Anime ya Mob Psycho 100 haina habari na mambo hayo. Shigeo Kageyama, mwanafunzi ambaye kila mtu anamwita Mob, anaweza kung'oa jengo kwa fikra tangu episodi ya kwanza. Kilichobaki ni kuishi na watu, na hapo ndipo pana kazi. Angalizo: nitafichua mengi, hadi mwisho wenyewe.

1. Anza mwanzo. Studio ya Bones ilitoa misimu mitatu, 2016, 2019 na 2022, jumla episodi 37. Msimu wa kwanza una vichekesho vingi na wengine huuruka wakiyakimbilia mapigano ya msimu wa pili. Wakifika huko wanashangaa kwa nini wenzao wanalia.

2. Ile asilimia isikuzuge. Mob amejifunza kuzibana hisia zake ili asimdhuru mtu, na namba kwenye skrini inahesabu zinavyojaa. Ikifika 100, kitu kinalipuka. Ni rahisi kukaa unasubiri mlipuko tu. Wewe soma jina la hisia inayoandamana na namba hiyo: hasira, huzuni, hata shukrani. Mtu anayeweza kulipuka kwa shukrani si yule uliyeanza naye.

3. Mtazame akikimbia. Anaalikwa kwenye klabu ya wapenzi wa nguvu za fikra, anakataa, anajiunga na klabu ya kujenga mwili. Vijana wa pale wana misuli ya kutisha, ila hawamcheki hata siku moja, akizirai wanambeba. Msimu wa pili anashiriki mbio za shule akitaka kumaliza ndani ya kumi bora, bila kutumia uwezo wake hata kidogo. Hafanikiwi. Kwangu mimi episodi hiyo inazidi nusu ya mapigano yote.

4. Mchunguze Reigen kuliko Mob. Arataka Reigen ni mganga tapeli. Hana nguvu yoyote. Anafukuza pepo kwa chumvi ya mezani, na akija mteja mwenye mabega mazito, anamkanda kisha anampa bili. Mob anamwita mwalimu na analipwa yen 300 kwa saa, ujira wa aibu. Lakini tapeli huyu ndiye aliyemwambia mtoto mwenye kipaji cha kutisha kwamba kipaji hakimfanyi awe bora kuliko wengine, na kwamba asikielekeze kwa watu. Ushauri wa kweli kutoka kinywa cha mwongo: mwandishi, anayejiita ONE, ameijenga hadithi yote juu ya mkanganyiko huo.

Kisha tafuta episodi ya sita na ya saba za msimu wa pili. Mob anachoka kudharauliwa, anaondoka, na Reigen anagundua kwamba hana rafiki mwingine duniani. Anatafuta umaarufu wa televisheni, anaumbuliwa, anaketi mbele ya waandishi wa habari akiwa hana la kusema. Anayekua hapo ni mtu mzima, na inauma zaidi kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akitoa mawaidha.

5. Usiwapuuze wanaopita mara moja. Hadithi ya Emi inachukua episodi moja tu. Anajifanya anampenda Mob kwa sababu wenzake wamemsukuma. Baadaye wenzake haohao wanaichana riwaya anayoiandika, naye anacheka pamoja nao. Mob anainama kuokota vipande. Msimu wa kwanza asingethubutu kuinama mbele ya watu wale.

6. Jiandae kwa Mogami. Mzimu huyu anamfungia Mob katika dunia ya kubuni, miezi mingi bila nguvu, bila rafiki, akionewa kila siku. Swali lake ni zito: je, wewe ni mwema, au ulibahatika tu kukutana na watu wema? Mob akitoka, anakubali kwamba alibahatika. Mashujaa wengi wa anime wangekana.

7. Teruki Hanazawa, kijana mwingine mwenye nguvu za fikra: fuata nywele zake. Kiburi chake chote kilikaa humo.

8. Usitarajie jibu zuri kutoka kwa Tsubomi. Katika simulizi ya mwisho Mob anakwenda kumweleza Tsubomi anavyompenda, anagongwa na gari, na ile nafsi aliyoificha miaka yote inaamka na kuendelea na safari huku ikibomoa mji. Rafiki zake wanajaribu kuizuia mmoja mmoja. Reigen anafika na kukiri kwamba hana nguvu zozote. Mob anaipokea ile nafsi kama yake, anamfikia Tsubomi, anakataliwa. Nimewasikia walioona hapo wamepunjwa. Mimi naona angekubaliwa ndipo tungepunjwa, maana msichana angegeuka zawadi ya mshindi.

9. Ile episodi maalumu ya 2018 inayomhusu Reigen ni marudio ya msimu wa kwanza, yanayosimuliwa na Reigen mwenyewe huku akijisifu. Ukiwa na haraka, iruke.