SOMO: MAJI MOTO, ASKARI WA MITI YA MATUNDA



Wengi wenu mtokao Nakivale kutafuta kazi za mashamba upande wa Mbarara mmebeba bomba la dawa mgongoni. Mimi pia. Shamba moja lilitupa bomba bila glavu wala sabuni. Jioni kichwa kinagonga na macho yanawasha.

Basi wajueni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mti kuwa nyumba. Uganda wapo. Huwinda wadudu waharibifu mtini. Kitabu cha China cha mwaka 304 kinaeleza jinsi ndugu zao walivyouzwa sokoni kulinda michungwa. Unguja, miaka ya 1950, mtaalamu M. J. Way alichunguza minazi: penye maji moto wengi, kunguni anayefyonza nazi changa hadi zidondoke hapati nafasi.

Ukiwahamisha, chukua viota vya kundi moja tu, maana makundi mawili huuana. Malkia ni mmoja katika viota vyote. Ukimwacha, kundi litakwisha. Funga kamba kutoka mti hadi mti wapite. Na dawa ikome, la sivyo unawaua askari wako mwenyewe.

Kasoro ipo: wanauma vikali, na anayeumwa ni mchumaji, si bwana shamba. Kwa hiyo tudai nguo za mikono mirefu, na kazi ya siku ipunguzwe kwenye miti hiyo, kabla kiota cha kwanza hakijapandishwa.