Ardhilhali na Mwanafunzi wa Kiswahili: Njia ya Kuingia Katika Utungaji wa Sera ya Elimu

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili huulizwa mara kwa mara atafanya kazi gani nje ya ualimu na utangazaji. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba utungaji wa sera na sheria za elimu ni uwanja wetu pia, na kwamba mlango wake mmoja uko wazi kwa kila ajuaye kuandika. Mlango huo ni ardhilhali, yaani ombi rasmi kwa Bunge. Mfano wetu ni wadi ya Nakalale, katika eneobunge la Turkana Kaskazini. Huko familia za wafugaji huhama kufuata malisho na maji, ilhali jengo la shule halihami.

Sera na hatima yetu

Nafasi tuliyo nayo leo ni tunda la sera. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima na litahiniwe. Jambo hilo lilitimia mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Hivyo, uamuzi wa watu wachache mezani uliinua hadhi ya lugha nzima darasani. Je, tuwaachie wengine meza hiyo?

Sheria inasema nini

Ibara ya 119 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo katika mamlaka yake. Ibara ya 120 inavitaja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu utaratibu wa maombi hayo inaruhusu yaandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Aidha, asiyeweza kutia sahihi anaweza kutia alama ya kidole gumba.

Tukiichunguza sheria hiyo kwa jicho la mwanafasihi, tutaona kwamba ardhilhali ni utanzu wenye kaida zake. Ina hadhira moja mahususi, kwani huelekezwa kwa Bunge. Ina rejista yake: lugha ya heshima na ya kiasi. Ina usuli, kwani mwandishi hueleza hatua zilizokwisha kuchukuliwa na majibu yaliyopatikana. Ina kilele pia, nacho ni ombi bayana la mwisho. Ardhilhali isiyo na ombi bayana ni kilio tu.

Mfano wa Nakalale

Tuchukulie kwamba wazazi wamekutana chini ya mti na kusema: "Watoto wetu hawasomi kwa sababu tunahama." Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haijawa ardhilhali. Swali la kwanza la mtaalamu wa sera ni hili: watoto gani? Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi. Elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti. Shule za msingi na za upili, pamoja na mitaala na mitihani, ni jukumu la serikali ya kitaifa. Wakitaka darasa la chekechea, watawasilisha ombi lao katika Bunge la Kaunti mjini Lodwar. Wakitaka walimu watakaohama pamoja na mifugo katika darasa la tatu, ombi litakwenda Nairobi. Anayekosea anwani hupoteza msimu mzima wa masomo.

Swali la pili ni ombi lenyewe. "Serikali itusaidie" haitoshi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliunda Baraza la Kitaifa la Elimu ya Wahamaji. Kwa hiyo ombi linaweza kutaka kamati ya Bunge iliite Baraza hilo lieleze mpango wake kwa wadi hiyo, na muda wa kuutekeleza.

Uaminifu wa mwandishi

Wazazi hao watazungumza Kiturkana, nasi tutaandika Kiswahili. Hapa ndipo penye mtihani. Ni rahisi msomi kuwatilia wazee maneno ambayo hawakuyasema, hasa yale yanayopendeza masikioni mwa wabunge. Mzee akisema hataki bweni kwa kuwa mtoto atasahau kuchunga, tusiandike kwamba anaomba bweni. Inatupasa kumsomea maandishi, yafasiriwe kwa lugha yake, ayakubali au ayakatae, kabla hajaweka kidole chake. Kidole gumba kikishagusa karatasi, maneno yetu yamekuwa yake.

Hitimisho

Kazi zipo: karani wa kamati, mtafiti wa Bunge, mhariri wa Hansard, mfasiri wa miswada, afisa wa sera. Zinahitaji maarifa ya sheria juu ya shahada yetu. Hata hivyo, msingi wake ni stadi tunazofunzwa kila siku, yaani kusikiliza matini, kutambua hadhira na kupima neno. Tunapendekeza vyama vya Kiswahili vyuoni vianze na zoezi moja kila muhula: kuandika ardhilhali ya kweli, pamoja na wenyewe. Mwenye kovu usidhani amepoa. Msikilize kwanza, ndipo uandike.