Hija, Hedhi na Vidonge vya Kuichelewesha

Hedhi haimzuii mwanamke kusimama Arafa tarehe 9 Mfunguo Tatu. Kinachomsubirisha ni kutufu Al-Kaaba, kwa kuwa tawafu hutaka tohara, na tawafu ya ifadha ni nguzo ya Hija. Nayo ndege ya kurudi haimngoji mtu. Ndiyo maana wengi huulizia vidonge vya kuchelewesha hedhi. Tatizo ni kwamba huviulizia begi likiwa limeshafungwa.

Dawa inayotolewa sana kwa kazi hii ni norethisteroni ya miligramu 5. Kwa kawaida humezwa kidonge kimoja mara tatu kwa siku, kuanzia siku tatu kabla ya hedhi inayotarajiwa. Inafanana na homoni ambayo mwili huitoa nusu ya pili ya mzunguko: maadamu ipo, utando wa ndani wa mji wa mimba haubomoki. Ukichelewa kuanza, au ukirukaruka dozi, damu hutoka matone matone, na hapo unabaki Makka ukijiuliza kama ni hedhi au istihadha. Heri hedhi kamili ambayo siku zake unazijua.

Gawa dozi: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Saa za Makka ni zilezile za Dar es Salaam na Nairobi, hivyo ratiba haibadiliki. Vidonge viwe kwenye mkoba wa mkononi.

Kama mzunguko wako hautabiriki, au safari ni ndefu, muone daktari miezi miwili au mitatu kabla. Huenda akakupa vidonge vya majira vyenye homoni mbili: unaviacha vile saba vya rangi tofauti, ambavyo havina homoni, na kuanza pakiti mpya papo hapo. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba si vya kazi hii, huvuruga mzunguko.

Usinunue kwa kufuata dozi ya shoga yako. Aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, mwenye saratani ya matiti, ugonjwa wa ini, mimba, au damu isiyojulikana chanzo, dawa hizi si zake. Vya homoni mbili havimfai pia mwenye shinikizo la juu la damu, wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni. Taja dawa nyingine unazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya homoni.

Kichefuchefu, matiti kuuma na tumbo kujaa ni usumbufu wa kawaida. Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana au pumzi ikikata, acha dawa na uende hospitali mara moja.

Norethisteroni ikitumiwa hivi haizuii mimba. Ukiiacha, hedhi huja baada ya siku mbili au tatu. Wiki ikipita bila damu, pima mimba.