Macho Yamechoka Usiku? Rekebisha Skrini Kabla ya Kutuma Pesa

Saa nne usiku. Umefunga duka na sasa unamaliza malipo ya siku kwa simu: mtu wa maziwa, kodi ya nyumba, karo ya mtoto. Skrini inawaka kama taa ya gari, macho yanawasha, na ile 6 inaanza kufanana na 8. Ukikosea nambari moja tu, pesa imeenda kwa mtu usiyemjua.

Habari njema ni kwamba simu yako huenda tayari ina suluhisho, tena la bure.

Inafanyaje kazi?

Mwanga wa skrini huundwa na rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Jioni, programu hii hupunguza buluu, skrini ikawa ya manjano kama mwanga wa koroboi. Kwenye kompyuta, f.lux ilianza kazi hii 2009. Apple iliweka Night Shift kwenye iPhone 2016, na siku hizi simu nyingi za Android ziko nayo pia.

Jinsi ya kuiwasha

1. Fungua Mipangilio, kisha sehemu ya skrini.
2. Tafuta Mwanga wa Usiku. Kwenye Samsung ni Eye Comfort Shield, kwenye iPhone ni Night Shift.
3. Weka ratiba ijiwashe yenyewe jua linapozama. Hapa Kenya ni karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima.
4. Punguza mwangaza wa skrini ulingane na chumba ulichomo.

Usipakue ovyo!

Kama simu yako ni ya zamani na haina kitu hiki, usikimbilie app yoyote uliyotumiwa kwa link. App za kubadilisha rangi ya skrini huomba ruhusa ya kujiweka juu ya app nyingine. Nyingine huomba ruhusa ya ufikivu, ambayo inaweza kuiwezesha app kuona unachosoma na unachoandika. App ya mtu mwenye nia mbaya ikipata ruhusa hiyo, pesa zako ziko hatarini. Afadhali upunguze mwangaza tu.

Rangi peke yake haitoshi

Tuseme ukweli: buluu ya skrini sio sababu kubwa ya macho kuchoka. Tukikodolea simu macho tunasahau kupepesa, na macho yanakauka. Kwa hivyo:

- Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20.
- Ongeza ukubwa wa maandishi. Hii ndiyo itakusaidia zaidi kusoma nambari.
- Usiishikilie simu karibu sana na uso.

Na kumbuka, skrini ikiwa ya manjano, maandishi ya buluu hufifia. Usitegemee rangi kujua kama malipo yamepita; soma maneno yenyewe. Jina la mpokeaji likitokea, lisome lote kabla ya kuweka PIN. Mteja akikuonyesha SMS ya malipo, angalia salio lako kwanza ndio umpe bidhaa.

Na kama macho yamekataa kabisa, malipo yasiyo ya haraka yangojee asubuhi. Lala salama!