Somo la Afya: Chakula Chetu na Saratani ya Utumbo Mpana



Somo hili lahusu jinsi chakula kinavyoweza kupunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Makatibu wanaombwa kulisoma mkutanoni, kwani linagusa vyungu vyetu na mashine zetu za kusaga.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliona kuwa ugonjwa huu ulikuwa nadra miongoni mwa wanavijiji wa Afrika, hali Uingereza ulikuwa umeenea. Mwaka 1971 alieleza kuwa sababu mojawapo ni nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mimea isiyoyeyushwa tumboni. Mwaka 2015 watafiti waliwabadilishia chakula Wamarekani Weusi 20 na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini kwa majuma mawili. Waliopewa nyuzinyuzi nyingi, dalili za hatari utumboni zilipungua. Waliopewa nyama na mafuta mengi, ziliongezeka.

Nyuzinyuzi huongeza wingi wa choo na kukiwezesha kutoka bila kukawia. Tena vijidudu vya utumboni huzichachusha na kutoa vitu vinavyolisha ukuta wa ndani wa utumbo.

Sasa tujiulize: tukikoboa mahindi kupata sembe, pumba huliwa na nani? Kuku hupata nyuzinyuzi, nasi twabaki na weupe wa unga.

Basi tuzingatie haya:

1. Tule dona, kwa mahindi makavu yasiyo na ukungu.

2. Kunde, mbaazi na choroko, pamoja na kisamvu, matembele na mchicha, visikose mezani. Vyote vyastawi huku Ruvu, Kibaha na Kisarawe.

3. Nyama nyekundu iwe ya kiasi. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa zilitajwa mwaka 2015 na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kuwa husababisha saratani hii.

4. Tuepuke tumbaku na ulevi.

Hata hivyo, chakula bora hakimkingi mtu kabisa. Damu katika choo, choo kubadilika kwa majuma kadhaa, au kukonda bila sababu, visidhaniwe kuwa bawasiri au uchovu tu. Mgonjwa aende mapema kituo cha afya au Hospitali ya Tumbi. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, matumaini ya kupona ni makubwa.

Swali la majadiliano: Chama chetu kifanye nini ili dona ipatikane kwa urahisi kama sembe?