Umenakili Diski, Kompyuta Haiwaki: Usifute ya Zamani Bado



Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tunatumia laptopu za mitumba. Ikizidi kuwa nzito, tunaiwekea SSD, na ili tusipoteze Windows na kazi zetu tunanakili diski nzima kwenda kwenye mpya. Muhula uliopita mwenzetu mmoja alifanya hivyo, utafiti wake wa mwaka wa mwisho ukiwa humo. Programu ikamwandikia asilimia 100. Alipofunga SSD, kompyuta ikasema haioni kifaa cha kuwashia. Diski ya zamani ilikwisha pata mnunuzi, naye alitaka kuifuta jioni ileile. Nikamwomba asubiri.

Tuelewe tatizo kwanza. Sisi wa Vurra tunajua kwamba lori linaweza kufika mpakani na mzigo wote, lakini bila karatasi za forodha halivuki kwenda Kongo. Mzigo haujapotea. Diski nayo ni hivyo. Mafaili yanaweza kuwapo yote, lakini sehemu ndogo inayoiambia kompyuta ianzie wapi haikunakiliwa au haisomeki. Katika kompyuta za UEFI sehemu hiyo huitwa EFI. Mara nyingi ni megabaiti 100 tu, na huioni ukifungua mafaili kwa kawaida.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio:

1. Zima, toa diski ya zamani, kisha washa ukiwa na mpya peke yake. Nakala inaweza kubeba hata kitambulisho cha diski ya asili, na zikikaa pamoja kompyuta huweza kuzichanganya.

2. Ingia BIOS (mara nyingi F2, F10 au Delete mara tu unapowasha). Kama SSD haionekani, kagua ulivyoifunga. Kama inaonekana, iweke ya kwanza katika orodha ya kuwashia.

3. Linganisha mtindo. Windows iliyo kwenye diski ya MBR huwaka kwa Legacy. Ya GPT huwaka kwa UEFI. Rudisha mpangilio uliokuwapo zamani. Usiguse AHCI au RAID, maana kubadilisha hapo kunaweza kuleta kioo cha bluu.

4. Kama ni UEFI na bado haiwaki, andika upya "karatasi za forodha". Washa kwa flashi ya kusakinishia Windows, bonyeza Shift+F10, andika diskpart, kisha list volume. Tafuta sehemu ndogo ya FAT32, usiichanganye na flashi yako. Tuseme ni namba 3: andika select volume 3, kisha assign letter=S, kisha exit. Hakikisha herufi ya sehemu yenye Windows, kwani hapa huenda isiwe C. Mwisho andika:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

5. Kama sehemu ya EFI haipo kabisa, ulinakili C peke yake. Rudia, uchague diski nzima, bateri ikiwa imejaa umeme usije ukakukatikia katikati. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, uwe na ufunguo wa kurejesha kabla ya kuanza.

Mwenzetu tatizo lake lilikuwa hilo la tano. Alichagua C tu. EFI haikwenda, na D pia haikwenda, nako ndiko zilikokuwa sauti zote za wazee aliowahoji. Lau angefuta jioni ile, zingepotea. Tulirudia kunakili kutoka diski ya zamani, na ikawaka.

Katika somo la hadithi tumesoma jambo linaloitwa muqabala, yaani kulinganisha nakala na asili. Imepokewa kuwa Urwa bin Zubayr alimuuliza mwanawe Hisham kama ameandika, akajibu ndiyo. Akamuuliza kama amelinganisha, akajibu hapana. Baba akamwambia kwamba basi hajaandika. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akiipitia Qur'ani pamoja na Jibril kila Ramadhani, na mwaka wake wa mwisho mara mbili.

Basi nasi, baada ya ile asilimia 100, tuwashe, tufungue mafaili muhimu moja moja, tuhesabu sehemu za diski zote mbili, tukae na ya zamani walau wiki mbili. Elimu na sauti za watu tulizobeba ni amana.

Wabillahi tawfiq.